Kijumba cha Mkwe Kinachovutwa na Gari

Chato

Mama Kulwa wangu,

Hamjambo hapo Didia? Mimi huku ziwani ni samaki tu, sato asubuhi, sato jioni.

Leo wamepita Wazungu wanaosafiri na nyumba zao! Ya kwanza ni kombi. Paa linainuka kama kifuniko cha sanduku, vitanda viko juu na chini, na jiko lipo nyuma ya kiti. Nikaisifu mpaka mwenyewe akaniambia, "Chini tunalala mimi na mke wangu, juu analala mama yake." Wauza samaki waliokuwa karibu nasi wakaguna. Kwetu mkwe hulali naye nyumba moja, sembuse juu ya kichwa chako! Nikamwuliza, "Huoni aibu?" Akacheka tu.

Ya wenzake inavutwa na Landrova. Ni kijumba kamili cha bati, kina pazia na mlango wake. Mkifika mnakifungua kutoka kwenye gari, kinasimama peke yake. Hicho ndicho chenye adabu! Nikamkumbuka mama yako, anayekataa kuja kwetu kwa sababu tuna chumba kimoja. Landrova sina, lakini matofali najua kufyatua. Mfikishie shikamoo yangu. Mwambie afunge mizigo taratibu, mlango wake unakuja.

Nimewakumbuka mno,
Baba Kulwa