Kiboko Kwenye Ubatizo wa Nyanya

Wakhisi, wacha kila kitu usome hii. Niko Nyamasaria kwa Nyanya Nabututu, ameniambia vile alibatizwa. Siamini.

Mwaka wa 1971, Asembo Bay. Pasta Lindqvist, mmisheni kutoka Uswidi, alikuwa amesimama ziwani, maji kiunoni, kanisa zima likiimba ufuoni. Nyanya, wakati huo mjane anayeuza samaki, akaingia majini. Pasta akamshika bega, akaanza sala.

Ndipo kiboko akaibuka.

Kiboko, Wakhisi. Karibu nao kama kutoka mlangoni hadi jikoni kwenu.

Pasta alimwachia. Mtumishi wa Mungu alimwachia Nyanya katikati ya sala akatoka mbio, kanzu ameipandisha magotini. Kwaya ilikuwa imeshatangulia.

Nyanya hakukimbia. Anasema gauni lilikuwa zito, na kiboko hakuonekana kuwa na haraka. Wakatazamana tu. Kisha kiboko akazama, akaenda zake.

Nyanya akatoka polepole. Pasta alikuwa ameketi mchangani, analia kwa aibu.

"Mama, nimekuacha. Nitaomba wanirudishe kwetu. Sifai."

"Pasta, nimebatizwa ama sijabatizwa?"

"Bado."

"Basi inuka umalize. Samaki wangu wanaharibika sokoni."

Wakarudi majini, wawili peke yao. Pasta alitetemeka mpaka amina, lakini alimaliza. Na hakurudi kwao. Alikaa Asembo mpaka akaota mvi.

Nimemwuliza Nyanya kama hakuogopa.

Anasema aliogopa sana, lakini mtu hawezi kupoteza pasta na samaki siku moja.