Mtungi Uliovunjwa kwa Jiwe

Makote, Newala

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mama. Huku hatujambo. Mama yako yuko Nanganga kwa dada yake, na mabibo ya mikorosho yetu yameanza kuiva.

Umeniuliza Kiingereza kinasema lini "by" na lini "with" kitu kikitendwa. Swali hilo lilinikuta darasani. Mwalimu alitaka mifano, nami nikaandika kwamba mtungi ulivunjwa "with" jiwe. Akanipa vema, kisha akauliza, "Jiwe tumeliona. Sasa, 'by' nani?"

Jiwe nililirusha mimi, nikitaka kuangusha bibo, jambo tulilokatazwa, likapiga mtungi wa bibi yangu uliojaa maji aliyoyapandisha kutoka bondeni. Nyumbani nilikuwa nimesema tu kwamba mtungi umevunjika. Lakini swali la mwalimu halikuniachia nafasi ya kujificha.

Jioni ile nikamwambia bibi kwamba ni mimi. Hakushtuka hata kidogo.

"Nilijua tangu siku ileile," akasema.

"Sasa mbona hukuniuliza, bibi?"

"Korosho haipigwi mawe, mjukuu wangu. Husubiriwa mpaka ianguke yenyewe."

Ni mimi, bibi yako wa Makote