Nilivaa Gauni la Neema

Mama yangu,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini mie siwezi kuanza kuongea na wewe bila shikamoo. Ungenikata jicho hata huko uliko.

Nakuandikia nikiwa Bunju, kwenye meza yako ya dirishani, ile ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuweka kikombe. Nimeweka kikombe. Jana alikuja dada Judith, mhariri wako wa kule Mikocheni, na tangu aondoke sijatulia. Tuseme ukweli, sikumuaga vizuri, nilimfungulia geti na soda yake hajaimaliza. Nitakueleza alichotaka, ila acha nianzie Tandika, maana ukiiruka Tandika utaniona sina adabu tu.

Wasomaji wako wanajua ulikuwa mwalimu wa chekechea, ukaanza kuandika na kuchora vitabu vya watoto kwa sababu wanafunzi wako walichoka kuona dubu na theluji. Ndivyo ulivyokuwa unawaambia waliokuja kukuhoji. Hukusema uongo. Uliacha tu kumtaja Neema, mtoto wako wa kwanza, aliyekufa kwa degedege wakati wa masika tukiwa tumepanga kule Tandika. Alikuwa na miaka sita, mie minne. Ninachokumbuka ni mikeka uani na jirani mmoja aliyenipa yai la kuchemsha ili ninyamaze.

Nilipofikisha umri wake ukatoa gauni lake la njano sandukuni. "Vaa hili, ukae pale," ukaniambia. Nilifurahi jamani, maana tangu msiba ulikuwa hunitazami sana. Ukashika penseli. "Usitikisike. Tazama mlangoni." Nikatazama mlangoni mpaka shingo ikauma. Ulipomaliza nikaja mbio kuona. Miguu ilikuwa yangu, magoti yangu, hata kovu la kuungua na pasi lilikuwepo mkononi. Uso haukuwa wangu. Ulikuwa na yale macho makubwa ya dada.

"Huyu nani?" nikakuuliza.

"Huyu ni Nunu."

Baba alisogea, akaitazama ile karatasi, akavaa viatu akatoka. Kifo cha Neema hakikuzungumzwa miaka yote nyumbani kwetu.

Nunu akaenda sokoni. Nunu akafukuzwa na bata. Nunu akapoteza ndala moja kwenye mtaro. Watoto wakampenda balaa. Na ulistahili, Mama, kazi uliijua. Hukuwa unachora chochote kabla hujawasomea watoto wa mtaani pale barazani, wamekaa chini na makamasi yao. Wakianza kujikuna ulikuwa unasimama hapohapo, unachomoa kalamu sikioni na kuikata ile sentensi. "Wakijikuna ujue nimeongea sana," ulikuwa unasema, halafu unacheka mpaka unashika ubavu. Mie nilikuwa nakupenda sana pale barazani. Nilikuwaga nawaombea wale watoto wasiitwe na mama zao, maana wakiondoka na cheko linaondoka.

Ndani hukuwa hivyo. Ndani nilikaa kwenye kiti nikiwa na gauni la marehemu, nikitazama mlango. Niling'oka meno ya mbele, Nunu akabaki na yake yote. Nikarefuka, ukalipasua gauni mgongoni ukaniwekea pini. Moja ilinichoma nikapiga kelele. "Vumilia kidogo, namalizia mkono," ukasema, hata macho hukuinua.

Halafu siku moja narudi shule, namkuta Mwajuma, mtoto wa jirani, kakaa kwenye kiti changu. Umeshashona mgongo wa gauni, limemkaa sawasawa. Mama, gauni lile nililichukia, Mungu anajua. Sasa kwa nini nililia vile? Ulinifuata jikoni ukanipangusa kwa kanga yako, ukaniambia, "Umekua, Tumaini." Ulivyolitamka hilo neno, ungedhani unaniletea habari ya msiba. Nilikuwa na miaka tisa, na nikajiona nimekukosea kwa kukua.

Sikuwahi kukuuliza. Nikaolewa, nikaachika, nikarudi kwako na mwanangu Glory mgongoni, ukatupokea bila neno la kuudhi. Ulipopata kiharusi, upande wa kulia ukapooza, mkono wenyewe wa kazi, mie ndiye nilikuogesha na kukulisha uji. Uling'ang'ania penseli kwa mkono wa kushoto. Ulichora viduara vilivyokatikakatika mpaka karatasi ikachanika, ukalia bila sauti, na mie nikajifanya natafuta kitambaa.

Asubuhi moja nikakuletea uji, ukanitazama. Ulinitazama kwa muda mrefu, Mama, usoni kabisa, jambo ambalo nililingoja maisha yangu yote. Ukasema, "Neema. Umerudi."

Nikaitika, "Abee, Mama."

Ningefanyaje? Ukanishika mkono ukalala ukiwa na amani. Wiki ileile ukafariki, na tangu asubuhi ile hukuniita tena kwa jina langu. Inaniuma. Watu wanakuja kunipa pole kwa kufiwa na mama, na mie naitika asante, asante, huku rohoni namwonea wivu dada yangu aliyeko kaburini. Sijui mtu anatubu vipi jambo la namna hiyo.

Sasa jana. Dada Judith alikuja na hadithi yako ya mwisho, ile uliyoimaliza kabla hujaugua, Nunu anaanza shule. Maneno yapo, picha hakuna. Alisema wamempata kijana anayechora vizuri sana lakini Nunu hampatii, anamtoa kama mtoto wa kwenye tangazo la sabuni. Tukiwa tunaongea Glory akaingia kutoka kucheza, kalowa jasho. Mwezi uliopita ametimiza sita. Judith akaweka soda chini.

"Huyu mbona ni Nunu mwenyewe?"

Ni kweli. Glory ametoka na macho ya dada Neema. Ulijua, ndiyo maana kuna siku ulikuwa unamtazama mpaka namwita aje jikoni. Judith akasema mtoto akae tu siku mbili tatu, kijana amchore, hakuna shida yoyote. Akauliza kama lile gauni lipo. Kabla sijajibu Glory ameshakimbilia sandukuni, anarudi amelivaa. Lilimkaa, Mama. Akakaa kwenye kiti, akanyoosha mgongo, akatazama mlangoni. Hakuna aliyemfundisha.

"Vua," nikamwambia.

"Dada Tumaini, watoto wanakisubiri hiki kitabu," Judith akasema.

"Wasubiri."

"Kazi ya mwisho ya mama yako itakufa hivihivi?"

"Ife."

Nimelisema hilo kwa mdomo wangu, kuhusu kazi yako. Wala sijalifuta.

Sisemi ulikuwa mbaya. Glory akipata homa mie huwa nakaa na mkono wangu kwenye paji lake, naomba mpaka ulimi unakauka. Angeondoka, ningemchora hata kwa masizi ya sufuria, hata kwa mwili wa mtoto wa mtu. Nimekuelewa. Ila kukuelewa hakujanipunguzia chochote, na mwanangu hatakaa pale nilipokaa mie.

Judith alipoondoka Glory alikuwa chini ya meza, amenuna, amekumbatia vitabu vyako. "Mbona wewe bibi alikuchora? Kovu lako si hili hapa," akaniuliza.

Nikakaa sakafuni. "Hakunichora mimi. Huyo ni mama yako mkubwa, Neema. Alikufa akiwa mdogo kama wewe."

Ilikuwa mara ya kwanza jambo hilo kusemwa kwa sauti ndani ya nyumba hii. Hakulia. Aliitazama picha ya jalada, akanitazama mimi usoni, akarudi kwenye picha, kama anayelinganisha.

"Sasa wewe bibi alikuchora wapi?"

Nilitazama rafu yako yote, Mama, na makaratasi yote kwenye droo nayajua. Sikuwa na cha kumwonyesha.

Pumzika. Msalimie dada.

Mwanao uliyebaki naye,
Tumaini