Pijo Namba Nane

Kaloleni, Kisumu
Jumapili, baada ya alasiri

Dadangu Ruqayya,

Assalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute huko Nakuru ukiwa mzima, mgongo umepoa na lile trela lako halikusumbui. Watoto hawajambo? Shemeji je, bado anapika mwenyewe ukiwa safarini, au amerudia mikate na soda? Msalimie, mwambie namuonea huruma. Sisi huku tu wazima. Saumu wangu anashona sare za shule mpaka vidole vinauma, na anauliza lini utamletea viazi vya Molo ulivyomwahidi. Joto ni lile lile unalolijua na ziwa limejaa magugu tena. Baba hajambo, na safari hii sisemi hajambo kwa adabu tu. Hajambo kweli, na ndicho kilichonikalisha kuandika.

Najua utajiuliza nimepatwa na nini hata nikuandikie karatasi wakati simu ipo. Wewe simu huipokea ukiwa barabarani, na niliyo nayo hayafai kusikizwa na mtu aliyeshika usukani. Jirani yetu Charity anakwenda kwao Nakuru kesho, nimemwomba akutie barua hii mkononi. Tafadhali isome ukiwa umeegesha.

Unakumbuka ulivyomwacha Baba siku ya Idi. Tangu presha ya macho immalizie nuru, alikuwa anakaa kwenye kiti chake karibu na mlango, redio imezimwa. Ukimsalimu anaitikia, ukimpa chakula anakula, basi. Baba yetu, Mzee Obeid yule yule aliyekuwa akitambua gari kwa mlio kabla halijapinda kona, sasa ukimtajia gari anageuza uso. Mimi niliogopa, dada. Niliona tunampoteza akiwa bado amekaa sebuleni. Nikajiambia kwamba kama macho yamekwenda, mikono bado ipo, nami kazi yangu ni ya mikono. Nikaamua kumtengenezea upya lile Pijo lake la mashindano ya ujanani, dogo la kupakata, lenye kila kitu, alione kwa vidole.

Cheka ukitaka. Fundi wa meno ya bandia anatengeneza gari la rally. Lakini fikiria kidogo: nta ninayo, plasta ninayo, tupa za kila ukubwa ninazo, na waya ule wa kushikilia meno hujikunja utakavyo. Vipimo nilivitoa kwa Ogola, rafiki yangu mwenye gereji kule Manyatta. Ana bodi la Pijo 404 nyuma ya banda lake, kuku wanatagia ndani. Nilipotoa kifaa changu cha kupimia taya na kuanza kupima mlango, Ogola alishika kiuno akaniambia, omera, ndugu yangu, hilo gari halina jino hata moja la kung'oa. Lakini aliwafukuza kuku mwenyewe, na tangu siku hiyo akawa ananipigia simu kila jioni kuniuliza tumefika wapi. Kila sentimita kumi za gari la kweli nilizifanya moja, likatoka na urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole.

Dada, sijawahi kufurahia kazi namna ile. Milango inafunguka na kufunga kwa mlio. Ukizungusha usukani, magurudumu ya mbele yanageuka. Gia iko pale pale kwenye usukani kama zilivyokuwa Pijo za zamani, na inasogea. Matairi nimeyachonga kutoka kwa ndala za Saumu, ambaye bado anazitafuta, kwa hiyo usinichome. Bodi nililimwaga kwa plastiki niliyokuwa nayo, ile ya ufizi, likatoka la waridi tupu. Mama mmoja alikuja kuchukua meno yake, akaliona juu ya meza, akauliza kwa sauti ndogo kama hayo yake pia yatakuwa na milango. Baadaye nililipaka rangi nyeupe, ingawa Baba asingeiona. Sikutaka kumdanganya.

Mengine yote niliyatoa kwenye ile picha ya sebuleni. Unaijua vizuri kuliko mimi, ulikuwa ukiipangusa vumbi kila Ijumaa: Pijo limetuelekea, namba nane kwenye boneti, pleti ya namba imefunikwa matope, na nyuma ya kioo, ambacho tope limekifunika chini hata usukani hauonekani, Baba amekaa upande wa dereva na mwenzake Ndegwa kando yake, kofia ngumu vichwani na nyuso zimejaa tope hadi huwezi kujua nani ana masharubu. Taa moja ya ziada imevunjika, bamba la juu ya gurudumu limebonyea, na sepeto imefungwa juu ubavuni. Nilivinakili vyote. Ule mbonyeo niliurudia mara nyingi, nikigusa nimefumba macho, mpaka nikaridhika.

Ijumaa wiki mbili zilizopita, baada ya swala na pilau, nilimwekea Baba gari mapajani bila kumwambia ni nini. Saumu alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Baba alipapasa boneti, akapapasa paa, akatulia. Kisha akasema, Pijo. Alisema hivyo tu, lakini uso ulifunguka, dada, ungeuona. Alifungua mlango kwa ukucha, akaifikia gia, akaipandisha na kuishusha huku anacheka peke yake, na mimi machozi yalikuwa yananitoka. Halafu mkono wake ukafika kwenye ule mbonyeo. Ukasimama. Ukaenda kwenye taa, ukapanda mpaka kwenye sepeto, ukarudi. Akalisukuma gari taratibu kutoka mapajani, akasema nimefanya kazi nzuri, Mungu anibariki, lakini hili si gari lake.

Sikufichi, niliumia. Nilimwambia sikubuni kitu, kila kitu nimekitoa kwenye picha, hata mikwaruzo. Akaniuliza picha inaonyesha taa gani iliyovunjika. Nikamwambia ya upande wa dereva, na mbonyeo ni upande huo huo. Akatikisa kichwa. Akasema taa ilivunjwa na jiwe upande wa kushoto, yeye mwenyewe aliuona mwanga ukizimika mbele ya magoti yake.

Nilidhani kumbukumbu nazo zimeanza kuondoka. Nikaishusha picha ukutani nimthibitishie, ingawa kumthibitishia kipofu kwa picha ni upumbavu. Saumu ndiye aliyeichukua mkononi mwangu, akaitazama kwa jicho lake la ushonaji, akasema ovaroli ya Baba imefungwa vifungo kike. Aliitazama tena. Akasema hata ya mwenzake vilevile, na hakuna fundi anayeshona ovaroli za gereji hivyo. Hapo nikaelewa. Aliyeisafisha picha ile aliigeuza filamu, kushoto kukawa kulia. Namba nane ikigeuzwa hubaki nane, pleti ilikuwa tope tupu, basi miaka yote hiyo tukatazama gari lililogeuzwa na hakuna aliyegundua. Nami nikakaa nikalichonga lilivyogeuzwa, kwa uangalifu wote.

Nilianza kucheka. Nilitaka kumweleza Baba kwamba kosa si lake wala si langu, nitazihamisha taa na sepeto wiki hii hii. Lakini nikaona kwamba kama vitu vimegeuka, basi na watu wamegeuka. Baba hakuwa upande wa dereva. Nikamuuliza kama ina maana Ndegwa ndiye aliyeendesha. Akamwomba Saumu afunge mlango wa nje, na Saumu akaufunga. Akasema Ndegwa siku hiyo alikuwa amelala Awasi chini ya mablanketi, malaria inamtetemesha, na aliyeendesha ni mama yetu.

Soma tena ukitaka. Mimi nilimfanya Baba arudie.

Walikuwa bado hawajaoana. Babu, baba yake Mama, alikuwa na duka Awasi na pikapu ya kubebea magunia, na Mama alikuwa akiiendesha kwenye ule udongo mweusi wakati wa mvua, mahali wanaume wengi hukwama. Ndegwa alipoanguka pale dukani, Baba alitaka kuacha mashindano. Anasema yeye macho ya mbali hayakuwa mazuri hata ujanani, ndiyo maana alikuwa msoma ramani na si dereva. Mama, aliyekuwa ameleta chai, alimuuliza kama atakaa hapo akilia au atapanda gari. Akavaa ovaroli na kofia ya Ndegwa, Babu akiwa sokoni. Walipanda mpaka Kericho na kurudi mvua inanyesha, Baba anamsomea kona na yeye anazikata. Walifika Kisumu wa tatu. Wakapigwa picha, Mama akapita nyuma ya gereji, akanawa, akapanda basi la Awasi na kikapu chake.

Alimwapisha Baba asiseme maadamu Babu yu hai. Babu alipofariki, mji mzima ulikuwa umeshamwita Baba dereva kwa sababu ya picha ile, na Mama alicheka akasema aache tu, anapendeza pale. Baba hakuwahi kusema kwamba aliendesha. Ila hakuwahi kusema kwamba hakuendesha, na Mama alipotutoka, jambo hilo likamkalia kifuani. Kila aliyemsifia gari alikuwa kama anamnyang'anya marehemu kitu, na yeye ndiye anayekipokea. Sisi tulidhani ni macho.

Ruqayya, mkumbuke Mama ndani ya gari. Alivyokuwa akikanyaga sakafu kila tukikaribia kona, tukamcheka kwamba ni mwoga. Kumbe alikuwa anatafuta breki. Na siku ulipokuja na leseni ya malori, jamaa wote wakasema una mkono wa baba yako, naye Mama akatabasamu, akaingia jikoni. Nimelifikiria tabasamu hilo wiki mbili sasa. Ule mkono wako ni wake.

Basi nimelibomoa gari na kulirudisha sawasawa. Taa, mbonyeo na sepeto vyote vimehamia kwao. Kiti cha dereva nimekivika kipande cha leso ya Mama ile ya zambarau, na Baba hukigusa kwanza kabla ya kitu kingine. Alilalamika kwamba gari ni safi mno, Pijo lao halikufika Kisumu hivyo, kwa hiyo Ogola alinipeleka Awasi kwa pikipiki tukarudi na mfuko wa udongo wenyewe. Baba aliunusa, akaupaka kwa mikono yake, na zulia la Saumu likapakwa pia. Tangu hapo hanyamazi. Redio imewashwa. Majirani wanakuja kulishika gari, na kila mmoja anaambiwa nani aliyeendesha, wengine mara tatu. Jana alinisomea barabara yote ya Kericho kutoka kichwani, kona baada ya kona, kidole kikitembea juu ya meza.

Ana ombi moja, na nimeahidi kulifikisha. Ukipata likizo uje, tuazime gari la Ogola, umpeleke Awasi hadi Kericho. Atakaa kushoto akusomee njia. Nilimwambia kwamba wewe barabara hiyo unaipita na trela, unaijua. Akajibu kwamba hata Mama alikuwa anaijua, lakini hakukubali kuondoka Awasi mpaka yeye Baba alipopanda.

Wabusu watoto, msalimie Shemeji, na ukimwona Charity mshukuru kwa niaba yangu. Saumu anasema usisahau viazi. Mungu akulinde barabarani mpaka tuonane.

Mdogo wako akupendaye,
Uzair