Wahandisi Wameisahau Karakana

Jumatatu, 5 Mei
Somo la zege, ubaoni tu. Saruji hamna tena hapa Muyinga. Nimepiga simu Gitega, chama cha wahandisi. Mtihani wa vitendo umekaribia, msimamizi hajapatikana. "Tutakuja, mwalimu." Jibu lile lile la mwezi jana. Wamenichosha.

Zamani wahandisi hawakubembelezwa. Baba alijifunza ufundi kwao. Wakitoka kazini jioni walifundisha karakanani, kisha wakawatahini wenyewe mafundi hao. Sahihi yao ndiyo iliyompa mtu kazi. Leo wanafunzi wangu wanamaliza na vyeti visivyoaminiwa na mkandarasi yeyote.

Ijumaa, 9 Mei
Gitega. Safari ya kutwa, mafuta ya shida. Nimefikia kwa shangazi, mtaa wa Nyamugari. Kanicheka. "Bainjenyeri ya sasa iko na wakati ya watoto ya Muyinga? We unajisumbua tu."

Jumamosi, 10 Mei
Mkutano wa chama. Asubuhi nzima wamebishania rangi ya tai za wanachama. Tai! Nilipopata nafasi, mwenyekiti akanikatiza: kufundisha ni kazi ya serikali. Nikamuuliza mbele ya wote, nani alimfundisha yeye kusoma ramani? Anajua. Wote wanajua. Wazee wa chama hicho hicho. Mwenyekiti akaniambia niketi.

Nimetoka na hasira. Mlangoni kanifuata mama mmoja, Espérance, mhandisi wa madaraja. "Mi nitakuja. Peke yangu. Lakini sitawahurumia wanafunzi wako."

Jumanne, 20 Mei
Amekuja kweli. Akaamuru mawe yapangwe juu ya boriti ya zege waliyoijenga wanafunzi kabla saruji haijaisha. Imepasuka. Ringi, zile pete za chuma zinazofunga nondo, zimeachana mno. Chuma hakikutosha, tukazitawanya. "Chini ya hii mtu angekufa," akasema. Kawafelisha wote. Claudine, hodari kuliko wenzake, amelia mbele ya watu. Nilitaka kumfukuza yule mama. Hiki ndicho nilichokipigania? Na kinachoniuma zaidi, amesema kweli.

Jumatano, 21 Mei
Espérance hajaondoka. Alilala kwa masista. Asubuhi nimemkuta karakanani, vumbi hadi kwenye nyusi, anavunja boriti pamoja na wanafunzi. Wanatoa nondo zilizomo ndani ili wajenge nyingine saruji ikipatikana. Claudine anainyoosha moja kwa nyundo, polepole. Nimevua koti, nikashika upande wa pili wa nondo isiteleze.