Koboko Niliyemtunga

Jumapili, 1 Oktoba 2023

Ndege chozi watatu kwenye mpapai! Dume anameremeta kijani mpaka nikasahau uji jikoni. Umeungua. Shore nao wamekuja kuoga kwenye beseni, wanajimwagia kama wana bomba lao. Jirani yangu Mama Naima akapita na ndoo kichwani. Shikamoo, marahaba, halafu: Mama Arthur, sisi tuko foleni ya maji tangu alfajiri, wewe unaogesha ndege? Nikamjibu ni kikombe kimoja tu. Ni vikombe vinne.

Miaka thelathini na mbili nimezalisha wanawake wa watu. Sasa nimestaafu, nimerudi kwetu Mnyambe, na starehe yangu ndiyo hii: daftari na viumbe. Wengine wana bao.

Jumanne, 3 Oktoba

Nimemwona!

Jioni nilitembea hadi mwisho wa shamba langu la mikorosho, kwenye kile kichaka nisichotaka kifyekwe. Nikasikia majani yanakwaruzwa. Nguchiro, nikajua. Kumbe si yeye — kakakuona! Anatembea kwa miguu ya nyuma, mikono kaikunja kifuani kama bibi anayekwenda msibani. Na juu ya mkia — mtoto! Kang'ang'ania, magamba bado laini. Wakaingia kwenye shimo la zamani la muhanga. Nimelia. Miaka sitini na moja, nalia kichakani peke yangu.

Simwambii mtu. Huku kwetu kakakuona akionekana anapelekwa kwa wazee. Anawekewa unga, maji, jembe na panga. Akiendea unga, mwaka wa shibe. Akiendea panga, tujiandae. Sina ugomvi na mila, zamani akishamaliza kutabiri walimrudisha porini. Lakini yule wa mwisho, miaka saba iliyopita, walimfungia stoo alale, wazee wamwone asubuhi. Asubuhi stoo tupu. Magamba yana wanunuzi siku hizi. Na yule hakuwa na mtoto.

Alhamisi, 5 Oktoba

Hondohondo wawili asubuhi, wanagombana na kivuli chao kwenye kioo cha dirisha. Nimecheka sana.

Mchana — ee Mungu nisamehe. Bwanali, mume wa Mama Naima, alikuwa anafyeka njia ya mkato kwenda shambani kwake. Panga mkononi, anaelekea kichakani kwangu. Hatua kumi tu kutoka shimoni. Nikaropoka: Baba Naima, usipite huko! Nimeona koboko, mkubwa, kaingia shimoni! Aliruka nyuma, panga likamtoka. Akanishukuru, maskini, mara tatu.

Nimerudi nyumbani najisifu. Yuster, una akili wewe. Sasa nani atasogea pale?

Jumamosi, 7 Oktoba

Sina akili hata chembe.

Koboko wangu kakua. Kwenye foleni ya maji wanasema ana kishungi na anawika kama jogoo. Kuna mama kaapa kamsikia akiwika! Nilitaka kucheka, nikashindwa. Mama Naima hajaokota korosho siku mbili. Zimelala chini, na msimu haumngoji mtu.

Jioni kaja Bwanali na balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Fikirini. Wamekunywa chai, wameulizia hali ya Arthur huko Dodoma. Ndipo Mzee akasema. Jumatatu asubuhi wanachoma kichaka. Kisha kila shimo linajazwa majani makavu, linawashwa, mpaka koboko atoke au afie ndani. Wanawake wanainama kwenye mikorosho kutwa nzima, hawawezi kuinama na koboko pembeni.

Wana haki! Ningekuwa mimi ningesema hivyo hivyo. Nikabaki na neno moja tu: kichaka ni changu. Mzee Fikirini akaweka kikombe chini taratibu. Mama Arthur, kichaka chako, nyoka wetu sote.

Njia ya mwongo fupi. Yangu haikufika hata siku tatu.

Jumapili, 8 Oktoba

Ibada sikwenda.

Nikisema nilidanganya, wataniuliza kwa nini. Nikinyamaza, mama na mtoto wanababuka shimoni. Nimempigia Arthur. Mama, waambie watu wa wanyamapori. Nimewapigia. Wamenisikiliza vizuri, gari liko mbali, watafika Jumatano. Jumatano!

Saa kumi nikaenda kukaa kichakani. Jua lilipokaribia kuzama akatoka na mtoto wake mgongoni, akaanza kufukua mchwa. Ulimi ule! Mrefu, unateleza ndani, unatoka. Kwa dakika chache nilisahau kila kitu, nilifurahi tu. Kisha nikajaribu kumfukuza aende mbali. Nikapiga makofi, nikatikisa matawi. Akajikunja duara, mtoto ndani. Nimbebe? Niende naye wapi? Kila njia inapita uani kwa mtu. Nikarudi nyuma. Alipojikunjua, akarudi shimoni kwake.

Nimemtunza kwa uongo, na uongo wangu ndio unaomchoma.

Jumatatu, 9 Oktoba, saa mbili asubuhi

Naandika hapa hapa kichakani.

Walikuja watu kama kumi na tano. Majani makavu, kibiriti, fimbo ndefu. Mama Naima naye kaja, kasimama mbali. Nikawaambia hakuna koboko. Wakacheka. Bwanali kanihurumia: Mama Arthur, hofu imekuzidi, wewe mwenyewe ulimwona. Nikarudia. Hakuna aliyenisikiliza. Wakawasha kibiriti cha kwanza, upepo ukakizima.

Basi nikaenda, nikakaa juu ya shimo. Nikakaa kitako kabisa, kanga chini, miguu nimenyoosha.

Mama Naima akapiga yowe. Toka, utaumwa! Sikutoka. Dakika moja. Mbili. Kelele zikaisha zenyewe. Nikaona nyuso zinabadilika, kwa maana ni nani anayekalia shimo la koboko?

Mzee Fikirini amesogea peke yake. Hakunitazama mimi. Ametazama vichuguu vilivyofukuliwa, ametazama alama ya mkia kwenye mchanga, ameigusa kwa kidole. Akachuchumaa mbele yangu. Ana mtoto? Ameuliza kwa sauti ya chini sana. Nimeshindwa kumdanganya tena. Nimeitikia kwa kichwa.

Amenyanyuka. Mama Naima, kalete unga.

Wote wameelewa. Mmoja kavua kofia. Wengine wanacheka kwa furaha, wanapeana mikono, na Mama Naima anakimbia kama msichana. Sijui kama nimemwokoa au nimemtia mikononi mwao. Namwomba Mzee aape kwamba kakakuona hatalala stoo. Anasema tulia kwanza, mama.

Bwanali kasimama kando, kanipa mgongo, simu sikioni. Nimemwita kwa nguvu: Baba Naima, unampigia nani? Kanyoosha mkono nyuma, nisubiri.

Chini yangu kuna kitu kinakwaruza. Sinyanyuki.