Mupini na Vidole Viwili

Siku ya Kwanza, 7 Septemba 1953. Pinga

Nimenoa kishoka. Chai bila sukari. Mvua mupaka saa sita. Kisha nikafunga mbao za musingi, upande wa barabara. Pima, kata, gonga. Urefu mupini ishirini na ine, upana mupini kumi na mbili. Materinite, nyumba ya kuzalia, itapita kanisa ya hapa kwa ukubwa.

Meta ya kukunja iko moja tu, inatembea na Bwana wa kazi. Sisi tunapima na mupini. Papa Ndoole, fundi muzee, njo alinifundisha hivyo, kule kwetu Karuba, nikiwa bado sijui kunyoosha musumari. Kishoka moja inatosha fundi. Upande huu nyundo, upande ule shoka, pembeni ufa ya kung'olea musumari, na mupini muzima njo kipimo. Vishoka vyetu viwili tulivitilia mipini ya muti moja, urefu moja. Sasa Papa iko Kalembe, kwenye shimo ya wapasua mbao, anakata nguzo na mbao za juu. Mimi niko hapa, naweka musingi. Kamio, gari ya mizigo, italeta zake, nitazisimamisha juu ya zangu.

Kazi inaenda vizuri. Muntu wa kuongea naye hakuna.

Siku ya Tatu, 9 Septemba

Wasaidizi wanaongea Kinyanga siku nzima. Wakicheka, najua ni mimi. Kiswahili wananitolea wakitaka chumvi. Leo nimepika maharagi, yakaungua. Mama muuza ndizi akanusa, akapaza sauti: "Fundi! Bibi yako alikukimbia?" Nikacheka kwa sababu ni lazima kucheka.

Mapendo, bibi yangu, hakunikimbia. Iko Karuba na tumbo ya miezi saba. Ya kwanza ilitoka kabla ya siku zake, nami nilikuwa Walikale najenga daraja, nikaletewa habari wakiwa wamekwisha kuzika. Safari hii nilimuapia nitakuwa karibu. Bwana wa kazi amesema nguzo zikisimama zote mbele ya mwisho wa Oktoba, napata mwezi moja wa kupumzika, na nikirudi nitakuwa kapita, musimamizi wa wafanyakazi. Ukapita ni muzuri. Lakini mimi nahesabu ile mwezi.

Siku ya Posho, 12 Septemba

Mupini imevunjika. Nilikuwa nang'oa musumari mukubwa, nikaegemea kwa nguvu, tah! Vipande viwili.

Nikaunganisha vipande chini, nikakata mupya kwa kufuata ile. Muti wa hapa, muzito. Mukono haujaizoea bado. Nimepata malengelenge kama muntu anaanza kazi leo.

Posho: muchele kidogo, samaki ya chumvi. Nimekula peke yangu.

Siku ya Pili, 22 Septemba

Kamio imefika kutoka Kalembe. Nilifurahi kuona alama ya Papa kwenye mbao, ule musalaba wake mudogo. Nikachukua mbao ya juu ya kwanza, nikailaza kwenye musingi, upande wa upana. Haifiki. Imebaki nafasi karibu mupini muzima.

Nikachukua ya pili. Haifiki. Nguzo nazo ni fupi, zote. Yesu wangu. Kamio nzima.

Nimewaambia wasaidizi waende nyumbani. Nimekaa juu ya mbao. Ni mupini yangu. Niliunganisha vipande vibaya, sasa musingi wangu hauna akili. Mwisho wa mwezi Bwana anakuja na meta yake.

Siku ya Tatu, 23 Septemba

Asubuhi nimekumbuka: musingi niliumaliza mbele mupini haijavunjika. Na depo ya vyombo nilijenga mwezi wa nane, pia na mupini ya zamani. Mulango yake ni mupini ine. Nikakimbia kupima na hii mupya. Moja, mbili, tatu, ine. Sawasawa kabisa.

Kosa si yangu! Nilipiga makofi peke yangu kama mupumbavu.

Kisha nikajua ni ya nani. Furaha yote ikaisha.

Siku ya Tano, 25 Septemba. Kalembe

Nimetembea tangu jana. Miguu imevimba.

Papa amekonda. Alinikumbatia, nikasikia mifupa. Anakohoa, anageuka pembeni, anafuta mudomo haraka. Mukono wake wa kuume unatetemeka akishika kikombe. Miezi mitatu tu sijamuona. Aliniuliza habari ya Mapendo, ya tumbo, ya mvua ya Pinga. Habari ya mbao hakuuliza.

Niliona amesukuma kishoka chake chini ya gunia nilipoingia. Alipotoka kukohoa, nikainua gunia. Mupini imekatwa chini. Nikaweka yangu pembeni: yake imepungua upana wa vidole viwili. Ilikuwa inamulemea mukono, akaipunguza. Halafu akaendelea kuhesabu mupini, mupini, mupini, namna amehesabu maisha yake yote.

Nikarudisha gunia. Akaingia. Tukakula bugali na sombe, tukaomba, tukalala.

Siku ya Mungu, 27 Septemba. Pinga

Nimerudi. Sikuenda kanisani.

Muntu akiharibu kamio nzima ya mbao, Bwana anaandika mubaya kwenye buku yake ya kazi na kumutuma buloko, kifungoni. Mwaka jana fundi wa Kalembe alitumwa juu ya kosa ndogo kuliko hii. Mimi nitatoka buloko nikiwa hai. Papa, na ile kifua, hatatoka.

Sitaki kuandika kile nafikiri. Mapendo, sitaki.

Siku ya Kwanza, 28 Septemba

Mbele ya chai nimechukua musumeno, nikakata mupini yangu. Vidole viwili. Mahali nilipokata palikuwa peupe, nikapaka mafuta ya mawese na udongo mupaka pakafanana na mupini yote. Kile kipande nimetia mufukoni.



Siku ya Tatu, 30 Septemba

Bwana amekuja. Alipitia Kalembe, akamupakia Papa na kishoka chake kwenye kamio. Akafungua meta, akapima musingi: muzuri. Akapima mbao: uso ukawa mwekundu. Akauliza nani.

Papa akafungua mudomo. Nikamutangulia. Nikasema mupini yangu ilivunjika, nikatia mupya bila uangalifu, ikatoka fupi. Nikasema nilimutumia Papa fimbo ya kipimo kutoka kwa hii mupya, naye akakata mupini yake kunifuata, kwa sababu aliniamini. Bwana akapima mupini zote mbili. Zinalingana. Akanitukana mbele ya wasaidizi, kwa Kifaransa kisha kwa Kiswahili, ili nisikose kitu.

Buloko hapana, ati fundi mwingine hana. Ukapita umekwisha. Kwenda Karuba, hapana mupaka manjanja yote, mabati ya paa, ikae juu. Bwana amenituma nichonge upya nguzo na mbao zote, na za kwanza nitumie kwa sakafu na madirisha.

Papa alichukua kishoka changu. Akapitisha kidole gumba chini ya mupini, polepole, pale nilipopaka udongo. Alijua. Aliniangalia, mimi nikaangalia kamio. Bwana akamuambia muzee apande, arudi nyumbani, kifua yake haifai kazi tena. Akapanda. Nikamuambia amusalimie Mapendo.

Kamio ikaenda.

Siku ya Posho, 10 Oktoba

Napima na mupini, halafu naongeza kile kipande cha mufukoni. Mupini, kipande. Mupini, kipande. Nikikipoteza nimekwisha. Nalala nacho.

Mupini fupi inarudisha pigo zote kwenye kiwiko.

Siku ya Mungu, 18 Oktoba

Nimekasirika na Papa. Niandike tu, kaye hii naandikia haisomwi na muntu. Alikuwa na mudomo. Neno moja pale kwenye kamio, si kwa Bwana, kwa mimi tu. Hata "pole". Hata "aksanti". Alipanda kama muzigo.

Na najua ningemukataza kusema. Lakini angejaribu.

Siku ya Ine, 29 Oktoba

Siku hii nguzo zote zingekuwa zimesimama. Leo ningefunga mutumba wangu. Nimesimamisha kumi na moja. Mvua asubuhi, mvua mangaribi.

Mama muuza ndizi ameleta binti yake kuona materinite. Tumbo kubwa. Binti akaingia katikati ya nguzo, akazunguka, akauliza kitanda chake kitakaa wapi. Nikamuonyesha pembe moja, penye dirisha. Akaenda kusimama pale, akashika kiuno, akafurahi.

Najenga nyumba ya bibi za wengine kuzalia. Walipoenda nililia. Ndiyo, nililia, mwanaume muzima.

Siku ya Kwanza, 9 Novemba

Hakuna barua. Wanasema daraja imebebwa na maji, kamio hazipiti. Mwezi wa Mapendo umefika. Kila muntu akitokea barabarani na kikapu, moyo unanidunda mupaka nione amepita.

Siku ya Tano, 13 Novemba

Hakuna.

Siku ya Posho, 21 Novemba

Hakuna. Homa siku tatu. Mama muuza ndizi aliniletea uji, akanikaripia kwa Kinyanga, sikuelewa hata neno. Ilikuwa vizuri kukaripiwa. Ameacha kunitania juu ya bibi. Afazali angeendelea.

Binti yake amezaa juzi, nyumbani, chini, mbele nyumba yangu haijaisha. Wako wazima wote wawili. Nilisema Mungu asifiwe na mudomo. Moyo ulikuwa na wivu mubaya.

Siku ya Kwanza, 30 Novemba

Kenchi zimepanda zote. Kwa juu unaona milima ya kwetu, kama haina ukungu. Leo haikuwa na ukungu. Nilikaa huko na misumari mudomoni mupaka wasaidizi wakaniita.

Sasa naomba kitu moja: kama ni habari mubaya, ije. Nimechoka kungoja.

Siku ya Tano, 11 Desemba

Manjanja ya mwisho imekaa. Nikapiga musumari, nikashuka. Nikazunguka nyumba mara mbili. Pembe zote zinakutana. Wasaidizi walicheza kidogo, wakaenda kunywa. Waliniita. Sikuenda.

Siku ya Mungu, 13 Desemba

Daraja imetengenezwa. Kamio ya kwanza ilifika baada ya misa. Dereva akaita jina langu, akanipa kitu kirefu kimefungwa na majani ya ndizi, na barua.

Barua imeandikwa na mwalimu wa Karuba, lakini sauti ni ya Papa. Naiandika hapa ili nisiipoteze:

"Petro mutoto wangu. Mapendo alizaa tarehe mbili ya Novemba. Ni binti. Mama iko muzima, mutoto iko muzima, analia kama kamio kwenye mulima. Nilienda kumupima siku ileile, na kishoka yangu. Urefu wake ni mupini moja na vidole viwili. Mupini yangu mimi, ile fupi. Wewe unajua. Nilikuwa najua kama unajua, tangu ile siku ulikuja Kalembe. Nilishindwa kusema. Haya ilinishika mudomo, na mupaka leo inanishika, njo maana nasema kwa mukono ya mwalimu. Nimekutengenezea mupini. Niliipima kwenye mulango ya nyumba yangu, ile tulijenga sisi wawili. Mukono inatetemeka, usiangalie uzuri."

Nilisoma nikiwa nimesimama. Kisha nikakaa chini, kwenye matope, na suruali yangu ya kanisa.

Nimefungua majani. Mupini ya muti wa kwetu, nyepesi. Haikunyooka vizuri, na kisu kimeteleza mahali pengi. Nimeipeleka kwenye mulango wa depo. Moja, mbili, tatu, ine. Sawasawa. Nikalaza ile yangu fupi pembeni, na kile kipande cha mufukoni kwenye mwisho wake. Sawasawa vilevile. Basi hii njo urefu wa mutoto wangu siku alizaliwa.

Dereva anarudi kesho asubuhi, amesema nafasi iko, juu ya magunia. Nimefunga mutumba. Mama muuza ndizi ameleta kuku ya Mapendo, imefungwa miguu, inanikasirikia kwenye pembe.

Mupini sijaitia kwenye kishoka. Nimekaa kwenye baraza ya materinite nikaiweka juu ya mukono wangu wa kushoto, namna wanabeba mutoto, kichwa hapa kwenye kiwiko. Inafika mupaka kwenye vidole. Mvua ilianza, nikakaa vile mupaka ikaisha.